Rangi ya Maji

Zamani rangi ilikaa kwenye kopo, ukaikoroga kwa kijiti mpaka ukaijua tabia yake. Siku hizi inakaa ndani ya kioo, na hakuna ajuaye nani kaiweka humo wala kwa nia gani.

Mimi nimekula kwa rangi miaka thelathini na minane. Nilichora chati za chanjo, ramani za viwanja, na mabango ya kukataza watu kutupa taka, ambayo waliyasoma vizuri kisha wakatupa taka chini yake. Sikupita chuo chochote. Nilijifunza kwa vitabu vilivyotupwa na ofisi ya michoro, na kamusi pembeni. Halafu Jumatatu moja ikaletwa kompyuta, ikawekwa juu ya meza yangu, nami nikapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Kwa hiyo binti wa dada yangu alipofungua chumba cha kutengeneza slaidi, sikuona la kushangilia.

Watu walimwita Mama Slaidi ingawa hakuwa na mtoto. Alisema si neno, zile slaidi zinalia kuliko watoto. Chumba chake kilitazamana na fundi viatu. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja, mashine ya kuchapa iliyokohoa kabla ya kila karatasi, na pazia. Nyuma ya pazia dada yangu alipika na kusikiliza kila kitu. Kuta zilikuwa nyeupe tupu. Hilo lilinitia shaka tangu siku ya kwanza. Muuza rangi asiye na rangi ukutani ni sawa na mpishi asiyekula nyumbani kwake. Nilipomuuliza alijibu kwamba hataki ukuta ubishane na kioo, mteja akashindwa kujua anachokiona ni slaidi au ni chumba.

Alikuwa na tabia nyingine nisiyoielewa. Kila slaidi aliyoimaliza aliichapa kwanza kwa wino mweusi mtupu, akaibandika ukutani, akarudi nyuma hadi mlangoni, akaitazama huku amefinya macho. Wapita njia walidhani anaumwa kichwa. Nilimwambia kama anaficha kitu aseme, mimi ni mjomba wake.

"Sifichi kitu, mjomba. Nataka nijue kama maneno yanaweza kusimama bila rangi. Yakisimama, ndipo nayavika."

Sikumwamini. Nilidhani anabana wino.

Lakini wateja walikuja, hilo siwezi kulikana. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi la fundi viatu, kazi yangu kuchungulia. Alikuja mwanafunzi mmoja na taarifa ya mahindi aliyoipaka rangi saba, maneno ya manjano juu ya weupe na kichwa cha habari cha zambarau. Mpwa wangu aliitazama akamuuliza hiyo ni taarifa ya mahindi au keki ya harusi. Kijana akatoka na rangi tatu: nyeusi ya kusomea, kijivu ya kupumzisha macho, na kijani kimoja tu, kilichowekwa pale alipotaka watu watazame. Akaja muuguzi wa kliniki, aliyepaka watoto wagonjwa wekundu na wazima kijani. Mpwa wangu akamwambia wapo wanaume wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani, na wengine ni wakubwa wa ofisi; watakaa mbele, watatikisa vichwa, na hawatakuwa wameona kitu. Akawafanya wagonjwa wakolee na wazima wafifie, na juu ya wagonjwa akatia mstari wa mshazari. Jioni nikafungua vitabu vyangu, nikakuta ni kweli. Nikaudhika zaidi. Mimi ilinichukua miaka kulijua hilo. Yeye kaambiwa na nani?

Ndipo akaja mhandisi.

Viatu vyake vilikuwa safi mno kwa mtu wa mitaro. Wiki hiyo aliingia kwa mpwa wangu mara mbili, na mara zote mbili mlango ulifungwa. Mlango ule haukuwa ukifungwa hata mvua ikinyesha. Machale yakanicheza. Fundi viatu akasema labda wanafunga sababu ya vumbi. Nikamwambia vumbi halijaanza leo.

Siku ya tatu mpwa wangu akaja nyumbani kwangu mchana, daftari mkononi. Alinisalimu, akakaa, akazungukazunguka kabla ya kusema. Alikuwa na mteja mwenye ramani. Juu ya ramani zipo nyumba zinazotakiwa kutofautishwa na nyingine, lakini mteja hataki nyekundu, anasema inatisha watu. Anataka rangi tulivu. Mimi ningeweka gani?

Nilikuwa nafunga mguu wa miwani kwa uzi, na uzi ulikuwa umenishinda. Isitoshe niliona uchungu: mhandisi anataka rangi ya ramani, na mtu aliyechora ramani za mji huu kwa mkono yuko hai, na huyo mhandisi hajafika hata kunipa pole. Nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Paka rangi ya maji, basi."

Akaandika. Niliona anaandika, nikajiuliza maneno yangu yanakwenda wapi.

Baada ya siku chache tukaitwa ukumbi wa shule ya msingi. Ilikuwa saa tisa alasiri, madirisha hayana mapazia, jua limeingia mpaka kwenye viti. Mpwa wangu hakuwepo. Kazi yake iliishia kwenye kompyuta, na mhandisi alikuja na slaidi zake mfukoni. Projekta ikawashwa. Juu paliandikwa MRADI WA MFEREJI. Chini yake ramani ya mtaa wetu, na kando ya barabara nyumba kumi na tisa zimepakwa bluu. Nyingine zote nyeupe. Mhandisi akanyoosha fimbo yake.

"Hizi," akasema, "ndizo nyumba zitakazoguswa na mfereji."

Sasa, huo mtaa wetu ulikuwa umechota maji kwenye tangi la kona kwa miaka kumi na mmoja, kwa zamu na kwa matusi. Kwa watu wa namna hiyo mfereji ni mmoja tu: ule unaoufungua kwa mkono, maji yakatoka. Na bluu juu ya ramani ni nini kama si maji? Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Fundi cherehani, jirani yangu wa kushoto, mjane mwenye watoto wanne, nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye ule mstari. Alisimama akaionyesha kwa kidole, akacheka hadi akakaa tena bila kutaka. Nilimwona mhandisi. Aliyasikia makofi yale, akasita kidogo, akashusha fimbo. Hakuuliza tunashangilia nini.

Ikapitishwa karatasi ya kutia sahihi kwamba tumehudhuria na tumeelewa. Mwenye pingamizi alipewa siku kumi na nne. Nani apinge maji? Chini kabisa ya ramani palikuwa na maneno madogo ya kijivu, yamemezwa na jua. Kutoka mstari wa tatu sikuweza kuyasoma, nikalaumu miwani.

Na nyumba yangu ilikuwa nyeupe.

Ukuta wa fundi cherehani na wangu hauachani zaidi ya hatua nne, lakini bluu ilikomea kwake. Tulipokuwa tunatoka akanigusa bega kwa wema kabisa, akasema, "Usijali, mzee wangu, utakuja kuchota kwangu." 

Usiku ule sikulala kwa hesabu zangu. Nani kaipaka ile ramani? Mpwa wangu. Nani alijifungia na mhandisi? Mpwa wangu. Na nani, mwaka uliopita, alisema mbele ya wateja wake kwamba slaidi ni kazi ya wasioweza kushika brashi? Mimi. Basi ndiyo hiyo. Alikuwa ameyaweka moyoni, akangoja, akanilipa kwa kuniacha na kiu.

Ningeweza kwenda kumuuliza. Badala yake nilikwenda kwa kinyozi. Pale nikasema, nusu ya kichwa changu imenyolewa, kwamba siku hizi bluu inagawiwa kwa kujuana, na kwamba huyo Mama Slaidi anakula sahani moja na mhandisi. Kinyozi alisimamisha mkasi. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na watu wa nyumba nyeupe wakaanza kunisalimu kama kiongozi wao.

Fundi cherehani yeye hakuwa na muda wa maneno. Alijenga kijukwaa cha saruji mbele ya mlango, cha kuwekea ndoo. Akanunua koki, akaipigilia ukutani juu ya kijukwaa, haina bomba wala nini, iko tu, inang'aa. Watoto wake waliifungua na kuifunga kutwa nzima. Kila nilipotoka nyumbani niliiona koki ile, na kila nilipoiona nilimkumbuka mpwa wangu vibaya.

Siku ya tisa uvumilivu ukaniishia. Nilimkuta peke yake, anakunywa chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekuja unipake bluu."

Alidhani natania, akacheka. Nikamwambia mtaa mzima umeona. Fundi cherehani kapakwa, mimi nimeachwa, na kama ni kwa sababu ya yale maneno ya mwaka jana basi aseme, tuyamalize kama ndugu. Kicheko kikamwisha. Akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyekuta sisimizi ndani yake.

"Mjomba," akasema, "unataka wakubomolee?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wangu, akanionyesha ile ramani. Mfereji uliosemwa haukuwa wa kufungua kwa mkono. Ulikuwa mtaro wa maji ya mvua, upana wake mikokoteni miwili kwa pamoja, na ulipita juu ya nyumba kumi na tisa. Yale maneno ya kijivu niliyoshindwa kuyasoma yalikuwa ufunguo wa ramani: bluu, nyumba zitakazopisha mradi. Yeye aliyaandika makubwa, meusi. Mhandisi akamwambia ayapunguze na ayafifishe, ati slaidi ipendeze. Juu ya kioo chake bado yalisomeka. Hakuujua ule ukumbi, hakulijua lile jua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuchapa akarudi nyuma hadi mlangoni, kwa sababu mhandisi alikuwa amesimama juu ya kichwa chake anatazama saa.

"Na watu walifurahi?" akauliza.

Nikamwambia walipiga makofi. Nikamwambia habari ya koki. Akafunika uso kwa viganja.

Mimi bado nilikuwa natafuta mwenye kosa. Nikamuuliza ni nani mwenye akili timamu anayepaka bluu nyumba ya kubomolewa.

"Si wewe, mjomba? Nilikuja kukuuliza." Akafunua daftari. Tarehe ilikuwepo, na mwandiko wake wa duara: *Mjomba anasema rangi ya maji.*

Sisi wa brashi tuna rangi ya mafuta na tuna rangi ya maji. Rangi ya maji si bluu wala si nyekundu; ni rangi yoyote iliyozimuliwa kwa maji mpaka karatasi ionekane kwa chini. Ndiyo tuliyoitumia juu ya ramani kwa jambo ambalo bado halijaamuliwa, ili akija mkubwa akibadili mawazo tusirudie karatasi nzima. Hakuna fundi wa wakati wangu ambaye angehitaji kuelezwa. Lakini huyu hakuwahi kuzimua kitu maishani mwake. Kwake rangi ya maji ilikuwa ile ambayo kila mtoto hulipaka ziwa.

"Hukuuliza," nikamwambia.

"Hukufafanua."

Pazia likatikisika. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi.

Zilibaki siku tano. Mpwa wangu akasema twende pamoja mlango kwa mlango, mimi nianze kwa sababu ni mzee na watu wananisikiliza. Nikamwambia atangulie, nitamkuta njiani. Sikumkuta njiani. Nilikaa dirishani kwangu, na kupitia dirisha hilo nikamsikia akizungumza na fundi cherehani, akimsihi aandike pingamizi. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, na cherehani haikusimama.

"Mwanangu," akamwambia, "mwambie mjomba wako maji yatamfikia tu. Asikutume."

Ilikuwa hivyo kila mlango. Waliamini nimemtuma awatishe wakatae, ili bluu ihamie upande wetu. Maneno ya kwa kinyozi yalikuwa yamemtangulia kila alikokwenda. Nilijua dawa yake ni moja: nitoke nje, nisimame katikati ya barabara, niseme. Nikafunga dirisha. Nilijiambia wataniona nawachezea tu, kwamba mzee kageuza maneno kumkinga ndugu yake. Huenda wangeniona hivyo. Sikujaribu, kwa hiyo sijui.

Siku ya kumi na mbili alimwomba mwalimu mkuu ule ukumbi, na saa ileile ya tisa. Watu walikuja wengi, nusu yao kumzomea. Kitu cha kwanza walichokuta ni giza: alikuwa ameziba madirisha yote kwa mablanketi, na mengine nilitambua ni ya dada yangu. Hakusalimia kwa maneno mengi. Akawasha.

Ilikuwa slaidi moja. Kichwa cha habari cheusi juu ya weupe: MTARO WA MAJI YA MVUA. Neno mfereji lilikuwa limeondoka. Mtaa wote ulikuwa kijivu hafifu, karibu haupo, kama mtaa unaouona kwenye ukungu. Na kati ya kijivu hicho, nyumba kumi na tisa kwa nyekundu iliyokolea kama damu iliyokauka, na juu ya kila moja mistari ya mshazari, ili hata asiyeona rangi aone mistari. Chini, kwa herufi ambazo zingesomeka kutoka barabarani: NYUMBA HIZI ZITABOMOLEWA.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea. Nilisikia projekta ikipumua. Nimechora kwa miaka thelathini na minane, na sijawahi kutengeneza karatasi iliyonyamazisha chumba namna ile. Alikuwa ametumia rangi moja.

Fundi cherehani ndiye aliyesimama. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sasa mara ya kwanza ulipaka bluu kwa nini?"

Mpwa wangu akanitazama. Nilikuwa mstari wa tatu, kiti cha pembeni. Hakunitazama kwa kunilaumu; alitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilihesabu vifungo vya shati langu, na nikafika cha mwisho.

"Ni kosa langu," akasema. "Sikuuliza vizuri."

Kutoka nyuma mtu akasema si kosa, ni sahani moja na mhandisi, na wengine wakaitikia. Niliijua ile sentensi. Niliijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Dada yangu alikuwa kando ya projekta, ameshika ncha ya blanketi. Akageuka akanitazama, kisha akaanza kuyakunja mablanketi ingawa watu walikuwa bado wamekaa.

Pingamizi liliandikwa jioni hiyohiyo, na nyumba zote kumi na tisa zikatia sahihi. Fundi cherehani ndiye aliyelipeleka ofisini kwa mkono wake. Baada ya majuma mengi ya kwenda na kurudi, mtaro ukahamishiwa nyuma ya uwanja wa shule, ambako hapana nyumba hata moja, na ambako mtu mwenye akili angeuchora tangu mwanzo. Nyumba zile zimesimama mpaka leo. Watoto wa fundi cherehani wamekuwa watu wazima ndani ya ile yao.

Mtu angetarajia wamshukuru. Walimshukuru mwenyekiti wa mtaa, aliyetia muhuri kwenye barua. Kuhusu Mama Slaidi walikubaliana kwamba alibanwa na dhamira baada ya kula, na kwamba mtu aliyeweza kuwapaka bluu mara moja anaweza kuwapaka tena. Mhandisi naye aliapa kwamba kazi ya halmashauri haitakanyaga chumbani kwa mpwa wangu, na halikuwa neno la bure. Wanafunzi wakapata chumba kingine mjini. Muuguzi wa kliniki alirudi mara moja, akatazama nyuma kabla ya kuingia. Mashine ya kuchapa ikaacha kukohoa. Nilipita pale kila siku, na kila siku mlango ulikuwa wazi, naye amekaa mbele ya kioo kilichozimwa.

Nilikwenda kwa kinyozi mara nne kwa nia ya kuisema sentensi moja tu: yale maneno yalikuwa yangu, na bluu ilitoka kinywani mwangu. Mara zote nne nilinyolewa, nikasikiliza mpira, nikarudi nyumbani. Nywele zenyewe hazikuwa zimeota.

Mara ya mwisho nilipowaona dada yangu na binti yake ilikuwa asubuhi, miezi mitano baadaye. Walikuwa wanahamia mji wa binamu yake huyo binti, ambako alisikia kuna shule inayotaka mtu wa kompyuta. Gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya chumba. Meza zilikuwa zimeshapakiwa, zimelazwa miguu juu, na dada yangu alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Nikashika ncha moja nimsaidie. Akaiacha hiyo ncha, akaenda kufunga upande wa pili.

Mpwa wangu akatoka ndani na kompyuta kifuani, imefungwa kwa shuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nikamwambia angeiweka mbele, nyuma itapigwa na vumbi. Akasema ndivyo alivyokusudia. Nikasema safari ni ndefu. Akakubali kwamba ni ndefu. Alisimama mbele yangu muda kidogo zaidi ya unaohitajika kumuaga mtu, na mikono yake ilikuwa imejaa, na mimi yangu ilikuwa mitupu.

Dada yangu alikuwa ameshaingia garini. Akasema kwa dereva, si kwangu, kwamba jua linapanda. Binti akapanda, akaipakata kompyuta, akafunga mlango. Gari likaondoka.